Sakafu haibebwi kichwani



Likizo kubwa iliyopita nilishuka ziwani, Baraka. Yaya wangu anataka kujenga kule, na alikuwa amenipigia simu mara tatu: "Mwalimu, njoo unisaidie kuchagua karo, fundi ananisumbua." Nikangoja habari za barabara ziwe nzuri, nikapanda moto hapa Salamabila, nikalala Misisi, kesho yake Lulimba, kisha Fizi. Baada ya Fizi barabara inateremka, na ghafla ziwa linajitokeza lote, na rasi ya Ubwari imelala mbele yake. Mgongo uliniuma na macho yalijaa vumbi, lakini nilinyamaza, nikatazama.

Parseli ya yaya ni nzuri, hakuna ubishi. Ukikaa kivulini unawaona wavuvi wakirudi alfajiri na mitumbwi ya biashara ikitoka upande wa Kigoma. Nyumba yenyewe ilikuwa bado kamba na vijiti, na mawe ya msingi yamerundikwa pembeni. Lakini simu yake ilikwisha jaa picha za karo: nyeupe zinazong'aa, za rangi ya mbao, za maua. Pesa ya karo ilikuwa imewekwa kando, na fundi alitaka ipelekwe upesi ili aagize mzigo.

Tulikaa jioni nzima tukibishana. Mimi nilisema karo inayong'aa ni hatari ikilowa maji, na nyumba ya kando ya ziwa haikosi miguu yenye maji. Yaya alisema mimi ni mwalimu, napenda kusahihisha. Mama mkwe wake alitusikiliza mpaka tukachoka, kisha akasema, "Kesho asubuhi nitawaonyesha kitu."

Kesho yake alitupeleka kwenye nyumba ya jirani iliyoachwa, hatua chache tu kutoka kwenye kamba zetu. Ukutani kulikuwa na mstari wa tope uliokauka, usawa wa paja langu. "Hapa ndipo ziwa lilifika 2024," akasema. "Karo za huyu zilikuwa nzuri pia."

Yaya hakujibu. Nami sikuwa na neno.

Jambo lenyewe wengi wetu tuliosoma jiografia tunalijua, ila hatulikumbuki tukiwa na pesa mkononi. Mito mingi inaingia Tanganyika, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga pale Kalemie. Mvua ikizidi, maji hujazana na kupanda ufukweni polepole. Ilikuwa hivyo mwaka 1964 baada ya mvua kubwa za miaka iliyotangulia. Ikawa tena kuanzia 2020, na 2024 watu wa Uvira, Baraka, Kalemie, hata Bujumbura ng'ambo, walihama nyumba zao. Maji yale yakitoka Lukuga huingia Lualaba na kupita upande wetu wa Kasongo. Kwa hiyo ziwa ni jirani yetu zaidi ya tunavyodhani.

Tulirudi kwenye parseli, tukaketi. Siku ile swali la rangi ya karo lilikufa. Swali jipya likawa: sakafu ikae juu kiasi gani, na nyumba irudi nyuma hatua ngapi? Yaya alilia kidogo, maana kurudi nyuma ni kupoteza ile baraza ya kutazama ziwa. Mwishowe kamba zikahamishwa mpaka kwenye mwinuko nyuma ya miembe, msingi ukaongezwa mawe, na pesa ya karo ikaliwa na msingi. Ndani atapiga simenti laini. Karo, akasema, zitamkuta uzeeni.

Nikamfanyia hesabu kama ninavyowafanyia watoto wa darasa la sita. Chumba cha mita 4 kwa 3 kina mita 12 za mraba. Ukimwaga betoni ya sentimita 8, unapata karibu mita 1 ya ujazo. Kwa kilo 300 za simenti kila mita ya ujazo, ni mifuko 6 ya kilo 50. Tabaka la juu la sentimita 2, lenye simenti nyingi zaidi, linataka mifuko 2. Jumla mifuko 8. Fundi akikuomba 15 kwa chumba hicho, mwambie akuandikie hesabu yake.

Mambo mengine mawili hayataki pesa. Kwanza mchanga: tia mchanga kwenye chupa, ongeza maji, tikisa, acha utulie. Tope likionekana nene juu ya mchanga, uoshwe kwanza. Wenzetu wa Mombasa na Zanzibar wanahangaika na chumvi ya bahari. Ziwa letu ni maji matamu, shida yetu ni tope. Pili subira: simenti ikishapigwa, ifunike kwa magunia au majani ya ndizi na uinyeshee maji siku 7. Wengi wetu tunaingiza vitanda siku ya tatu, halafu tunalaumu simenti kwamba inavunjika.

Bustani tulipanga kwa kuanza na choo. Usishangae. Kando ya ziwa kipindupindu hakiishi, na maji ya chini yako karibu sana. Choo kikae mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, na chini ya shimo lake pabaki walau mita 1 na nusu kabla ya kufikia maji. Shimo likitoa maji ukichimba, acha. Inua choo juu ya ardhi. Baada ya choo, miti: miembe iliyopo ibaki, mwembe mpya usikaribie ukuta kwa mita 8, na mapapai yatoe kivuli cha haraka. Ukingoni mwa mteremko tulipanda sinda, maana mizizi yake hushika udongo na majani yake ni chai. Mboga zikaja mwisho, karibu na jiko: matuta yaliyoinuliwa ya lengalenga, ambayo utaanza kuchuma baada ya wiki tatu au nne, ngai-ngai, matembele, na sombe kwa nyuma.

Nilirudi Salamabila nikiwa mwalimu mwenye furaha. Kisha nikafungua mlango wa chumba cha nyuma kwangu, anapolala mama yangu na watoto wangu wawili wadogo. Chini ni udongo. Juu tuna mabati mazuri.

Nikamuuliza mama kwa nini hatukuwahi kupiga sakafu. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mabati hubebwa. Sakafu haibebwi kichwani."

Mama zangu, nadhani mnamwelewa. Tumekimbia mara ngapi? Mtu anang'oa mabati yake usiku, anafunga godoro, anabeba sufuria. Akirudi anakuta kuta. Kwa hiyo tumejifunza kuweka pesa yetu juu tu, kwenye kitu cha kung'oa, na watoto tumewaacha walale juu ya vumbi.

Lakini vumbi nalo lina bei. Funza wa miguuni hukua kwenye udongo mkavu wa ndani, na minyoo huingia kwa mikono ya mtoto anayetambaa. Kule Mexico serikali iliwapigia maskini sakafu za simenti, na watafiti wakaenda kupima. Walikuta kwamba nyumba ikitoka kwenye udongo mtupu na kuwa simenti yote, minyoo kwa watoto wadogo ilipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Hakuna dawa iliyogawiwa. Ni sakafu tu.

Na asiyeweza simenti ana njia. Rwanda na Uganda kuna mafundi wanaotengeneza sakafu za udongo mwekundu na changarawe, zinashindiliwa zikaze, zinalainishwa, kisha zinapakwa mafuta yanayokauka na kuwa ngozi ngumu. Zinafagiwa na kupigwa deki. Udongo mwekundu Salamabila haukosi. Hata bila mafuta yale, sakafu iliyoshindiliwa vizuri na kuinuliwa kuliko uwanja ni bora kuliko vumbi.

Neno moja la hapa kwetu: kama nyumbani kuna anayechoma dhahabu kwa zebaki, asichome jikoni wala chumbani, na mahali hapo pasiwe bustani ya mboga. Moshi ule ni sumu kwa mwenye mimba na kwa mtoto, na sumu inabaki kwenye udongo.

Mimi nimeanza. Mifuko 3 iko chini ya kitanda, bado 5. Mama ananung'unika kwamba nawatengenezea wengine mahali pa kulala tukikimbia tena. Nikamkumbusha miembe mikubwa ya Kasongo: maembe na mpunga vililetwa Maniema na Waarabu na Waswahili wa karne ya 19. Wao walifukuzwa vitani 1893. Maembe tunakula sisi. Alicheka, ila hajakubali.

Likelemba yetu kila mwezi inanunua sufuria na vitenge. Ninaomba kwenye kikao kijacho tuzungumze: kila mwezi chumba kimoja cha mwenzetu, kuanzia palipo na watoto wachanga. Wenye nguvu walete mchanga na maji, wengine walete mfuko. Hesabu nitaifanya mimi, bure.