Herufi N iliyonitoa jasho

Leo nawaletea habari za programu yangu ya kulinganisha jenomu, pamoja na aibu yake.

Nilikuwa na rasimu mbili za jenomu ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria. Jenomu hiyo, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 2002, ina kromosomu 14 na herufi kama milioni 23. Ni ndogo mbele ya ile ya binadamu, yenye bilioni 3, lakini usidanganyike. Ukilinganisha kila herufi ya rasimu moja na kila herufi ya nyingine, kwa mbinu ya Smith na Waterman ya mwaka 1981, ukahifadhi jedwali zima, utapata vyumba trilioni 529. Hata kila chumba kikichukua baiti moja tu, hizo ni terabaiti 529. Laptopu yangu ina kumbukumbu ya gigabaiti 8!

Basi nikafanya kama wengi tangu BLAST itoke mwaka 1990: kutafuta kwanza vipande vifupi vinavyofanana kabisa, kisha kulinganisha hapo tu. Ili kubana nafasi, kila herufi nikaipa biti 2 badala ya 8: A ni 00, C ni 01, G ni 10, T ni 11. Megabaiti 23 zikawa chini ya 6. Raha iliyoje!

Asubuhi nikakuta sehemu chungu nzima zinazofanana asilimia 100, zote A mfululizo. Sikushtuka, maana takriban asilimia 80 ya jenomu hii ni A na T. Nikaanza kumwandikia barua pepe rafiki yangu mtafiti. Kabla sijaituma, nikaona kwamba karibu kila sehemu ilikuwa na urefu wa herufi 100, au zaidi kidogo. Tangu lini maumbile yakapima kwa mia mia?

Nikafungua faili la awali. Hapakuwa na A pale, jamani. Palikuwa na N, yaani herufi haijulikani. Pengo lisilojulikana urefu huwa linajazwa N 100 kwa desturi. Nao msimbo wangu ulikuwa unaipa 00 herufi yoyote usiyoitambua. Kompyuta ilichukua pengo la huku na pengo la kule, ikaniambia hawa ni ndugu.

Dawa yake nimeiga muundo wa 2bit wa UCSC: herufi zinabaki na biti 2, lakini orodha ya pembeni inaweka mwanzo na urefu wa kila pengo. Kipande kikigusa pengo, kinarukwa. "Undugu" wote ule ukayeyuka.

Data ikiwa kubwa ni lazima tubane. Bana uwezavyo, ila "sijui" iachie nafasi yake. Nawe kama una programu ya aina hii, ilishe faili mbili za N tupu. Ikikuletea mfanano hata mmoja, karibu tuaibike pamoja.