Kabla hatujabomoa nyumba ya Tandika

Nyumba ya Kiswahili haimpotezi mgeni. Mbele kuna baraza. Ukivuka mlango uko ukumbini: vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, milango ikitazamana. Mwisho wa ukumbi kuna mlango mwingine, na ukiupita uko uani, penye jiko, bafu, choo na kamba za kuanikia nguo. Aliyekulia Tandika, Magomeni, Manzese au Mtoni anaweza kuingia nyumba ya namna hiyo umeme ukiwa umekatika na asijigonge popote.

Umbo hili lilitoka pwani, likafuata njia za misafara hadi Tabora na Ujiji. Zamani kuta zilikuwa za miti na udongo, juu makuti. Baadaye yakaja matofali ya saruji na mabati, lakini mpangilio ukabaki uleule. Ukitaka kujua wazee wetu walivyojenga, nenda Kijiji cha Makumbusho pale Kinondoni, kilichofunguliwa mwaka 1967. Utaona nyumba za makabila mbalimbali zimehifadhiwa. Za mitaani kwetu hazina wa kuzihifadhi isipokuwa wenye nazo, na wenye nazo ndio sisi warithi.

Hapo ndipo familia yetu ilipokwama. Babu alijenga Tandika nyumba ya vyumba sita. Katika watoto wake amebaki shangazi peke yake. Anakaa chumba cha nyuma kushoto, vingine vina wapangaji. Wadogo zangu wanataka ibomolewe, zijengwe fremu sita za maduka mbele na vyumba vya masta nyuma, kila kimoja na choo chake. Hesabu yao si ya kitoto. Bati limeoza, choo cha uani ni kimoja kwa watu kumi na wanne, na kodi ya fremu moja inazidi ya vyumba viwili.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha kelele. Cha pili alikuja binti wa mdogo wangu, anayesoma usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi. Akatoa futi kamba, akaanza kupima.

“Baba mkubwa, nani alichora hii?”

“Hakuna aliyechora, mwanangu. Fundi alipiga mambo, akafunga kamba, babu yako akasimamia.”

Akacheka, lakini akaendelea kuandika. Alituonyesha kwamba milango miwili ya ukumbi imenyooshana, ukiifungua yote upepo unapita toka barabarani hadi uani. Kuta za vyumba hazifiki kwenye paa, kwa hiyo joto linapanda na kutokea juu. Paa limetokeza nje ili mvua isipige ukuta na jua lisiingie dirishani. Tuliokua humo tulijua tu kwamba ukumbini ndiko mahali pa kulala mkeka mwezi wa Februari.

Akatueleza pia kuhusu Red House, nyumba ambayo Philip Webb alimchorea rafiki yake William Morris karibu na London mwaka 1859. Wawili hao waliheshimu tofali, mbao na mkono wa fundi kuliko mapambo ya kiwandani. Leo nyumba hiyo inatunzwa kama hazina ya taifa. Mdogo wangu akajibu, “Hao wana pesa za kutunza. Sisi tuna ada za watoto.” Hakukosea.

Lakini kuna kitu ambacho futi kamba haipimi. Katika nyumba ile huwezi kutoka chumbani kwenda chooni bila kupita mbele za watu. Ni kero, kwa sababu ukigombana na mkeo nyumba nzima inasikia. Ila mwaka jana shangazi sukari ilimshuka akiwa anachambua mchele uani. Aliyemwona akiyumba ni mpangaji aliyekuwa anakaanga samaki hatua tatu kutoka pale. Akampa maji ya sukari, akatupigia simu. Kama kila mtu angekuwa na jiko lake nyuma ya mlango wake, nani angemwona?

Silaumu ghorofa. Magomeni Kota, familia 644 zilijengewa makazi mapya yaliyozinduliwa mwaka 2022 mahali palipokuwa na nyumba za chini zilizochoka. Mtu akipata bomba na choo ndani, usimwambie arudi uani kwa sababu wewe una kumbukumbu nzuri.

Kwa hiyo binti akachora upya. Fremu tatu badala ya sita, ukumbi unapita katikati yake kama zamani, vyumba vina vyoo, na ua unabaki na jiko la pamoja. Kodi itapungua, tena si kidogo, na wadogo zangu wameomba muda wa kupiga hesabu. Kabla ya kikao cha tatu nilimpelekea shangazi ule mchoro. Akauangalia kwa muda mrefu, akauliza chumba chake ni kipi.

“Choo cha ndani nitashukuru, mwanangu, magoti yamekwisha,” akasema. “Lakini waambie wenzako, mlango wangu utazame uani.”