Leo Hapana Pweza

"Pweza hapana, baba. Mwamba umefungwa."

Hivyo ndivyo alivyonipokea bi mmoja mwenye kibanda cha chakula upande wa Ghuba ya Menai, kusini-magharibi mwa Unguja. Nilikuwa nimevuka kutoka Dar kwa boti ya asubuhi, nikapanda daladala ya shamba, njia nzima nawaza pweza wa nazi. Rafiki yangu alikuwa amemsifu pweza wa pale mpaka mate yakanidondoka. Sasa naambiwa hapana. Nikauliza, kwa sauti ninayoionea haya mpaka leo, ni nani huyo aliyefunga bahari.

"Sisi wenyewe," akasema, mkono hauachi kukuna nazi. "Bado wiki tatu. Tasi yupo, muhogo upo. Utakula?"

Nilikula nimenuna. Tasi alikuwa ametolewa kwenye dema alfajiri ile, akapakwa chumvi na ndimu, akawekwa juu ya makaa, basi. Ngozi ilikuwa imekauka kama karatasi, nyama chini yake nyeupe, inaachana na mwiba yenyewe. Muhogo ulipikwa kwa tui zito, pilipili mbuzi moja nzima ikielea juu bila kupasuliwa. Nilipofika nusu ya sahani nikagundua sijanuna tena. Hata hivyo, wakati wa kulipa niliambiwa shilingi 8,000, nikaomba anipunguzie 1,000. Akanipunguzia. Hiyo 1,000 tutairudia.

Usiku, rafiki yuleyule akanipeleka pwani ya mashariki, kwenye mgahawa wa mbao na taa za njano, mawimbi yanasikika, muziki wa taratibu. Mlangoni palikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki kwamba kila kitu ni cha hapa, samaki ni wa wavuvi wetu, mboga ni za wakulima wetu, na mazingira yanatunzwa. Nikafurahi. Kisha ikaletwa orodha ya vyakula, kurasa sita. Ngisi, kamba, kamba kochi, jodari, changu. Na pweza, kwa mapishi manne.

Nikamuuliza mhudumu, kijana mpole, pweza yule ni wa wapi.

"Wa hapahapa, kaka."

"Hapahapa wapi?"

Akacheka, akaenda jikoni, akarudi na juisi ya ukwaju badala ya jibu. Baadaye, anakusanya sahani, akainama akaniambia taratibu kwamba pweza anatoka kwenye friza, tajiri ndiye anayemleta, wapi anakomtoa yeye hajui. Viazi, karoti na vitunguu vinapakiwa Dar. Bili ilikuja 48,000 kwa kichwa. Nililipa bila kuuliza hata senti.

Nimeshakula kwenye migahawa mingi ya namna hii, Dar, Arusha na Nairobi, inayojisifu kwa chakula cha asili na cha haki, na sisemi yote inadanganya. Ipo inayojua jina la mkulima anayewaletea mchicha. Lakini tangu siku ile ubao wa chaki haunitoshi. Natazama kitu kingine: je, hapa mahali panaweza kuniambia hapana? Bahari yetu haina orodha ya kurasa sita. Ina bamvua na maji mafu, ina kaskazi na kusi, na kuna siku mvuvi anarudi na ndoo tupu. Jiko ambalo halikosi kitu mwaka mzima lina friza kubwa, au lina mtu mahali fulani anayelazimishwa kuvua kisichostahili kuvuliwa.

Pweza ndiye aliyenifundisha hili. Nilipotulia nilimuuliza yule bi sababu ya kufunga, akanieleza kwa maneno machache kuliko nitakayotumia mimi. Pweza hakawii kukua. Ukimwacha miezi miwili mitatu, yule uliyekuwa umtoe mdogo kama kiganja anakuwa kitoweo cha nyumba nzima. Na jike hutaga mara moja tu maishani. Akishataga hujifungia pangoni, anayalinda mayai na kuyapepea maji, hali chochote, mpaka yaanguliwe. Kisha anakufa. Ukimchomoa kabla ya hapo, umechukua pweza mmoja na umeua maelfu. Kwa hiyo kijiji kinakubaliana kuacha sehemu ya mwamba ipumzike, kwa kawaida miezi mitatu, halafu siku inatangazwa na watu wanashuka na bamvua. Mpango kama huu ulianza kujulikana huku kwetu Bahari ya Hindi kutoka Andavadoaka, kijiji cha kusini-magharibi mwa Madagaska, mwaka 2004. Kwa Unguja, Kisakasaka ni miongoni mwa vijiji vilivyoufuata.

Kufunga si bure. Wanaotembea juu ya miamba maji yakitoka, fimbo mkononi, wengi wao ni wanawake, na pweza ndiye ada ya shule na sare. Miezi mitatu ya kusubiri wanailipa wao. Mimi nilitakiwa kulipa kwa kula tasi mchana mmoja, na nikanuna.

Marehemu mjomba wangu alikuwa mchuuzi wa samaki Feri, Dar es Salaam. Nikiwa mdogo alinionyesha namna ya kumjua samaki wa baruti. Mshike mkia na kichwa, umpinde: uti wake umekatika, analegea kama kitambaa. Mpasue, utakuta damu imevilia ndani ya nyama. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku Tanzania tangu mwaka 1970, lakini kwa miaka mingi baada ya hapo samaki wake waliendelea kufika mnadani, na bei ikiwa nzuri mnunuzi hakosekani. Namkumbuka mjomba kila ninapoletewa mnofu mweupe uliomwagiwa sosi. Samaki akishaondolewa kichwa, uti na ngozi, mashahidi wote wameondolewa. Ndiyo maana siku hizi napenda samaki mzima, anitazame.

Nisije nikamfanya yule bi malaika. Anapikia mkaa, na mkaa una msitu wake. Mchele aliokuwa nao siku ile aliniambia ni wa Mbeya, kwa hiyo nao ulivuka bahari kama viazi vya mwenzake. Na hilo neno "asili" lenyewe linateleza: muhogo tunaouita wetu ulitoka Amerika, mahindi pia, wala hakuna bibi wa pwani atakayekubali kwamba ni wageni. Sina ugomvi na kiazi cha Dar. Ugomvi wangu ni na ubao unaosema kimelimwa nyuma ya jiko.

Turudi kwenye ile 1,000. Kuna harakati ya kimataifa inayoitwa Slow Food, iliyoanzia Italia mwaka 1986 watu walipopinga McDonald's kufungua tawi karibu na Piazza di Spagna, Roma. Tangu mwaka 2022 rais wake ni Edward Mukiibi, mtaalamu wa kilimo kutoka Uganda. Msimamo wao ni kwamba chakula kiwe kizuri, kiwe safi, kiwe cha haki. Mbili za kwanza nilikuwa nazidai kwa sauti. Ya tatu ilinikamata shingoni. Haki haiishii kwa pweza na mwamba. Inamhusu pia aliyeamka saa kumi kukuna nazi. Mchana nilibishana bei na mtu aliyenijibu kila swali kwa ukweli, usiku nikalipa karibu mara saba ya hiyo kwa mtu asiyejibu lolote, na nikaacha bahashishi juu. Kwa nini? Kwa sababu kwenye taa za njano naona aibu kuonekana sina hela. Kibandani sioni aibu. Hakuna maelezo mengine, na nimeyatafuta.

Siku hizi nikiingia mgahawani, kabla ya kuuliza kuna nini nauliza leo hakuna nini. Wahudumu wengi hushangaa. "Vyote vipo, bosi." Mmoja wa Kinondoni alifikiri kidogo, akasema, "Leo kisamvu hakuna, mama anayetuletea kafiwa." Nikajua nimefika mahali.

Nilirudi kwa yule bi mwezi uliofuata. Mwamba ulikuwa umefunguliwa siku nne nyuma, kijiji kizima kinazungumzia uzito wa pweza. Boti ilichelewa, nikafika saa nane mchana, sufuria imeoshwa na imefunikwa.

"Pweza kesha, baba. Tasi yupo."

Nikala tasi. Shilingi 8,000.