Sura ya Chumvi

Katika tiba ya homeopathia, iliyoasisiwa na tabibu Mjerumani Samuel Hahnemann, kila dawa ina sura yake: orodha ya dalili za mwili na za moyo. Katika kitabu chake Organon, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1810, tabibu anaagizwa aandike malalamiko kwa maneno yaleyale ya mgonjwa. Agizo hilo lilinivuta. Kwetu kichwa huwanga, tumbo husokota, jipu hupwita. Kuuma peke yake hakutoshi.

Siku moja nilisoma sura ya Natrum muriaticum, yaani chumvi hii ya jikoni. Mtu wake ana huzuni ya siku nyingi. Halii mbele za watu. Akibembelezwa huzidi kuumia. Kichwa humgonga kama nyundo. Hutamani vyakula vya chumvi. Nilifunga kitabu. Nilikuwa nimemsoma mama yangu, tangu tulipomzika baba.

Sikumpa vidonge. Dawa hizo huzimuliwa mno, mara nyingi isibaki hata chembe ya chumvi yenyewe, na utafiti haujathibitisha kwamba zinashinda kidonge kitupu. Lakini aliyeziandika dalili zile aliona nisichokiona mimi mwana: kila pole yangu ilimwongezea mama uchungu.

Jioni ile niliketi kando yake tukachambua mchele, bila neno. Giza lilipoingia, akaanza mwenyewe kumtaja baba.

Washairi wenzangu, kabla ya kufariji, tusikilize kwanza kinachosemwa, na kinachonyamaziwa.