Pedi tunazo, ufunguo hatuna

Chuo kimefungwa, nimerudi zangu Matemwe, na tangu juzi nashinda kwenye kibanda cha gemu: PS2 mbili, tivi za kichogo, kelele mtindo mmoja. Mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, wewe si unasomea ualimu? Tutilie gemu la hesabu humu, la kuhesabu mwani."

Nikacheka, kisha nikaanza kuchimba.

Kwenye PS2 ya kibandani inawezekana. Imetiwa chipu ili isome diski za kunakili, na mlango huohuo unapitisha programu uliyoandika mwenyewe. Sony wenyewe waliwahi kuacha upenyo. Mwaka 2002 waliuza Ulaya na Marekani kifurushi cha Linux cha PS2, na kibodi juu. PS3 ikaja 2006 ikikubali Linux, halafu tarehe 1 Aprili 2010 sasisho la 3.21 likaliondoa hilo. Siku ya wajinga, ila haukuwa utani.

PS5 je? Kwanza Sony wakukubali, usaini mkataba, ndipo upate vifaa vya kutengenezea. Na Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za kufungulia akaunti ya PlayStation, kwa hiyo watu hujiandikisha kama wako Uingereza! Xbox afadhali, tangu 2016 hata mashine ya dukani unaweza kuigeuza ya kujaribia programu zako. Ila huku nani anayo?

Sasa tazama Tanga, ng'ambo tu ya bahari. Kati ya 2017 na 2019 shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa watoto karibu 3,000, vijiji kama 170, tableti za Android zenye masomo ya Kiswahili ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Kitkit School na onebillion waligawana dola milioni 10, na programu zote 5 za fainali zimewekwa wazi, kodi na kila kitu, mtu achukue abadilishe. Hakuna aliyebisha hodi kwa mwenye mashine.

Najua mtasema chipu ni wizi. Gemu za kunakili ni wizi, sibishi. Lakini gemu la mwani nililoandika mwenyewe nimemwibia nani?

Mie naanza na Android, kodi nimeshaipakua kwenye flashi. Anayejua kuprogramu anitafute chuo kikifunguliwa. Urojo juu yangu.