Ile chupa ya spiriti (sehemu ya 4)
Haya mama zangu, leo spiriti na kitakasa mikono.

Kliniki naona sana hii: mtu anapaka, anapepea mikono, halafu anafuta na khanga. Hapo umeifuta dawa! Mimina ya kutosha, sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, gumba usilisahau, mpaka ikauke yenyewe, kama sekunde 20 hadi 30. Ikauke kabla hujasogelea jiko, maana inashika moto. Alkoholi iwe angalau asilimia 60. Ya 95 siyo kali zaidi. Bila maji kidogo haiui vijidudu vizuri.

Umetoka kubadilisha nepi? Maji na sabuni. Virusi vingine vya kuharisha havisikii alkoholi.

Kitovu cha kichanga usikipake spiriti, hata bibi akisisitiza (najua, bibi hashindwi). Inachelewesha kudondoka. Kiache kikavu, au paka dawa uliyopewa kliniki.

Na jamani, msiihamishie kwenye chupa ya soda. Mtoto akiinywa sukari yake inaweza kushuka akapoteza fahamu. Usimtapishe. Mkimbize hospitali, na chupa ubebe.