Kadi Yangu Ilipokuwa Mikononi mwa Kausha Damu

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu, ukuta wa nyumba ya mama ulimwangukia akavunjika mguu. Anayeijua Likawage, kijijini kwetu, wakati wa masika anajua maana ya kupata mgonjwa mvua zikiwa zimechachamaa. Tulimtoa kwa machela, kisha kwa pikipiki, hadi tukapata gari la kumfikisha hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Siku zile hata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikuwa imekatika kule Somanga. Nauli zilipanda, vyakula vilipanda, na shamba la ufuta la mume wangu, ambalo ndilo tulilokuwa tukilitegemea kwa msimu wa Juni, likalala majini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara wangu ulikuwa tayari na makato ya benki, nimefika kwenye theluthi. Mtumishi wa umma hatakiwi kukatwa hadi abaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake, na kanuni hiyo imewekwa ili mtu asifanye kazi mwezi mzima akarudi nyumbani mikono mitupu. Benki ikaniambia haiwezi kuniongezea. Mama yuko wodini, nami nahitaji fedha wiki hiyo hiyo.

Hapo ndipo kausha damu, mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, anapopata mlango. Yeye hapiti kwa mwajiri wala haulizi theluthi. Anachotaka ni kadi yako ya benki na namba ya siri. Mshahara ukiingia, anatoa chake kwanza, kisha anakutumia kilichobaki kwa simu. Kwenye hati ya malipo makato yako yanaonekana salama kabisa, kumbe kuna mtu anayekula nusu ya jasho lako na mwajiri hana habari.

Nilipewa shilingi 600,000. Riba ilikuwa asilimia 30 kwa mwezi, na ilikuwa riba tu. Kila mwezi alitoa 180,000, na deni likabaki vilevile 600,000. Ilipofika Novemba alikuwa ameshachukua 1,080,000, na bado aliniita kwa upole, "Mwalimu wangu, mtaji wangu upo palepale." Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo kama wangu hiyo ni shilingi 21,000. Nilipoijua tofauti hiyo nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Kilichonifunga zaidi ni karatasi. Mkataba niliosaini haukutaja mkopo hata kidogo; ulisema nimemuuzia pikipiki ya mume wangu. Walimu wengi wamesainishwa hati za namna hii, wengine za nyumba, wengine za viwanja. Ukikataa kulipa, mkopeshaji hadai deni tena, anadai mali "aliyoinunua".

Ili watoto wale, nikakopa pia kwenye programu ya simu. Niliomba 100,000, zikaingia 70,000. Nyingine zilikatwa juu kwa juu kwa jina la ada. Nilipochelewa, ujumbe ukaenda kwa mwalimu mkuu, kwa kaka yangu aliyeko Nachingwea na kwa wazazi wa wanafunzi ambao namba zao zilikuwa kwenye simu yangu: huyu ni tapeli, mwambieni alipe. Wakopeshaji hao wanajua kwamba mwalimu kijijini anaishi kwa heshima yake, na hiyo heshima ndiyo wanayoishika rehani.

Lakini ujumbe ule ulizaa jambo ambalo hawakulikusudia. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza taratibu, "Dada, unadaiwa na nani na nani?" Nikaeleza yote. Akachukua daftari akaniambia niandike kila deni: nilichopokea, nilichokwisha kulipa, kinachodaiwa. Mkopeshaji wa kadi, programu, mwenye duka, kikoba chetu cha akina mama. Kuyaona madeni yote kwenye ukurasa mmoja kulinipa nguvu, kwa sababu hadi siku ile yalikuwa yakinijia usiku moja moja, bila idadi.

Hatua ya kwanza ilikuwa kadi. Nilikwenda tawini Kilwa Masoko na kitambulisho changu cha NIDA, nikaomba kadi ya zamani ifungwe, nikapewa mpya na namba ya siri mpya. Mkopeshaji alipokwenda kutoa fedha akakuta mlango umefungwa. Alipiga simu kwa hasira, akataja polisi. Nilimjibu kwamba silikatai deni, aje shuleni tuzungumze mbele ya mashahidi.

Alikuja. Alikuwepo mwalimu mkuu, mume wangu, na mwakilishi wetu wa Chama cha Walimu. Aliulizwa leseni yake chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Hakuwa nayo. Akakumbushwa kwamba TAKUKURU imewahi kuwarudishia walimu fedha zilizochukuliwa kwa mikopo umiza. Mazungumzo yakageuka. Tulikubaliana nimalizie 200,000 kwa awamu nne za 50,000, kwa simu ili kila malipo yabaki na ushahidi, na hati ya pikipiki irudi siku ileile. Wapo walioniambia nisimpe hata senti. Mimi nilitaka usiku wa amani na karatasi ile mkononi, na sijutii.

Kwa programu nilirudisha kilichoingia kwenye simu yangu pamoja na riba ya halali, nikahifadhi kila ujumbe, nikawaomba ndugu wasiwajibu wadai hao wa simu. Novemba hiyohiyo Benki Kuu ilizifungia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni.

Mwenye duka nilimlipa kabla ya wote, kidogo kidogo, kwani yeye alitulisha bila riba. Kikoba kilinisogezea muda. Mwaka 2025 ufuta ulikubali, ukauzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani, fedha zikaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mume wangu, na ukurasa ule wa daftari ukaisha. Mama anatembea kwa mkongojo.

Nawaomba wakurugenzi wa halmashauri wasitosheke na makato yanayoonekana kwenye hati ya malipo. Wawaulize walimu wa pembezoni kadi zao ziko wapi. Na wewe mwalimu mwenzangu ambaye kadi yako iko kwa mtu, nenda tawini na kitambulisho chako kabla mshahara ujao haujaingia, kisha mweleze mwalimu mkuu wako kila deni. Orodha ya wakopeshaji wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Mtafute humo anayekudai kabla hujamlipa tena.